Saini ya Kumhamisha Mama

Barua ilifika Airole, kijijini kwetu mlimani Italia, mwezi wa pili, wiki ya mvua, na mume wangu Attilio ndiye aliyenisomea kwa sababu miwani yangu ilikuwa kwa fundi. Ilitoka ofisi ya makaburi ya Monako. Ilisema kwamba miaka thelathini iliyolipiwa kwa kaburi la marehemu mama yangu, Nicolina, ilikuwa inaelekea kwisha, na kwamba watoto wake wawili waelewane: ama muda uongezwe, ama mabaki yake yahamishwe. Chini palikuwa na visanduku viwili na nafasi ya saini mbili.

Sikuhitaji kufikiri. Niliweka alama kwenye kisanduku cha kuhamisha, nikatia saini yangu, na Attilio akaenda kuuliza kama ile nafasi pembeni mwa baba bado ipo kwenye makaburi yetu. Ilikuwapo. Siku mama alipofariki nilikuwa nimeshaichimbisha, nimeshazungumza na padri na majirani, ndipo kaka yangu Oreste akapiga simu kusema mama atazikwa hukohuko Monako na maneno yameisha. Nilikwenda mazikoni nimefura hata sikumbuki jeneza lilikuwa la rangi gani. Tangu hapo mimi na Oreste tukawa ndugu wa kadi za Krismasi. Kutoka kwangu mpaka kwake ni treni mbili na saa moja na nusu, na katika miaka thelathini sidhani kama tulionana mara sita.

Nilimpigia. Akasema karatasi kama hiyo haitumwi kwa posta, niipeleke mwenyewe. Nikauliza nije nyumbani kwake? Hapana, akasema, lifti ya jengo inatengenezwa na yeye magoti yamekwisha, akishuka ngazi asubuhi hapandi tena mpaka jioni. Tukutane kasino saa nne asubuhi, ukumbi wa mbele, kuna viti. Alisema kasino kama mtu mwingine anavyosema sokoni.

Mimi nilikuwa na miaka sitini na sita na sikuwahi kuingia humo. Mama alifanya kazi mle miaka ishirini na miwili, kwenye chumba cha kutunzia makoti ya wageni, na Oreste akagawa karata miaka thelathini na minane. Lakini zamani nilipokwenda kumtembelea mama, alikuja kunipokea stesheni, tukakaa bandarini tukala alichobeba, kisha akanirudisha stesheni. Hakutaka nimwone kazini. Mimi nilichukulia kwamba ananionea haya, viatu vyangu vya shamba na lugha yangu ya mlimani.

Basi nikaenda. Niliamka kukiwa bado na giza, nikashuka ngazi za kijiji, nikabadilisha treni Ventimiglia, mji wa mpakani, pamoja na wale wanaovuka kila siku kwenda kufagia, kupika na kupiga pasi upande wa pili. Nusu yao walikuwa wamelala kabla treni haijaondoka. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alilala ameshika funguo mkononi, na tulipofika aliamka mwenyewe bila kuitwa, akasimama, akanyoosha sketi, akashuka. Nilimtazama nikajiambia, mama naye alikuwa hivi hivi.

Stesheni ya pale iko ndani ya jabali, na kutoka humo unapanda, unapanda tena, unaingia lifti, unatokea barabara ambayo si ile uliyoitaka. Nilipotea mara mbili. Kila kitu kilikuwa safi mno, na sikuona mahali pa kukaa bila kununua kitu. Nilipofika uwanja wa kasino nilikuwa nimeloa jasho chini ya koti, na mbele ya magari ya fahari walikuwa wamejaa watu wanapiga picha magari ya watu wasiowajua.

Oreste alikuwa ndani, amekaa karibu na nguzo, fimbo katikati ya miguu. Nilimtambua kwa masikio. Mengine yote yalikuwa yamezeeka bila mimi kuwapo. Hakuinuka. Alinipa shavu, kisha shavu la pili, akaniambia nikae.

Aliniuliza habari za Attilio, nikamwambia. Nikampa pole ya mkewe Josiane, ambaye alikuwa amefariki miaka minne kabla na mimi sikwenda kuzika kwa sababu ya homa ya mapafu, au angalau ndivyo nilivyosema wakati ule. Akasema ahsante. Akaniambia kwamba tangu astaafu anakuja pale kila asubuhi, kabla michezo haijaanza, kwa kuwa kuna joto wakati wa baridi na hakuna anayemfukuza. Mchezo wenyewe haruhusiwi. Alikuwa raia wa pale tangu alipomwoa Josiane, na raia wa pale hawachezi, sheria ni hiyo. Nikamwuliza kama hatamani. Akasema amewatazama wanaocheza miaka thelathini na minane, na aliyeridhika alipoinuka hakumwona hata mmoja, hata miongoni mwa walioshinda.

Nikatoa karatasi. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, halafu akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti lake.

"Umeshatia alama," alisema.

"Nimetia. Tatizo liko wapi? Miaka thelathini amekaa ugenini. Arudi kwao, alale na mumewe."

Alijiinua kwa fimbo, akaniambia nimfuate, kuna kitu anataka nikione kabla hajatia saini. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia sikuja kutembezwa. Akasema si mbali, ni hapo tu.

Ilikuwa kaunta ndefu ya mbao, nyuma yake fito za shaba na mamia ya ndoano zenye namba. Asubuhi ile yalining'inia makoti machache tu. Nyuma ya kaunta alikuwapo mwanamke wa miaka kama sitini, nywele amezifunga, shingo ndefu. Oreste alinijulisha: Ghislaine, aliyefundishwa kazi na mama, na mwaka ule ule alikuwa anastaafu. Kwake alinitaja kwa maneno mawili: dada yangu.

Ghislaine alinishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Fina," alisema. "Jamani. Bi Nicolina alikuwa hapitishi siku bila kukutaja."

Nilitazama zile ndoano. Ghislaine aliendelea kuongea kama watu wa kazi za kusimama wanavyoongea, huku anapanga vibandiko vya namba. Alisema mama ndiye aliyemfundisha kupokea koti bila kumtazama mtu mfukoni, na kumrudishia mtu koti lake kwa heshima ileile hata kama ametoka ndani uso umemshuka. Alisema mama alikuwa na nguvu kuliko wasichana wote, ila safu za juu hakuzifikia. Mkono wa kulia haukupanda zaidi ya hapa. Akaonyesha kifuani. Makoti ya juu alitundika kwa mkono wa kushoto, au akamwomba yeye.

"Nilimwuliza siku moja, bibi, bega lako limefanya nini? Akaniambia, hili walinivunjia nyumbani. Hakuongeza neno. Na mimi sikuuliza tena."

Mgeni mmoja akaja na mwavuli wake unaodondosha maji, Ghislaine akageuka kumhudumia. Oreste alinishika kiwiko akanirudisha kwenye viti. Nilikwenda kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Kwetu Airole kila mtu alijua mama alianguka kutoka juu ya ngazi akivuna zeituni. Baba ndiye aliyesema, na mimi nilikuwa nikisema hivyo tangu nina miaka kumi na miwili. Nimewaambia hivyo wanangu. Mwunga mifupa wa kijiji jirani cha Olivetta alipokuja kumfunga, mimi ndiye niliyemshikia taa, na aliponiuliza ilikuwaje nikamwambia, ngazi, bwana.

"Hakuanguka," alisema Oreste. Alisema akiangalia sakafu. "Nilijiambia siku moja nitakwambia, nikawa naahirisha. Baba alimkamata akamgonga na mlango wa zizi. Mama aliniambia mwenyewe siku namsaidia kubeba sanduku, tulipomkimbia tukaja huku. Mwisho wake kitandani alinishika shati, akasema, Oreste, msinirudishe kwa yule mtu. Ndiyo maana sikukuuliza. Ningekuuliza ningelazimika kukwambia, na wewe ulikuwa umemtunza yule mzee mpaka amekufa mikononi mwako. Nilisema kwa nini nimvunjie mtu baba yake."

"Najua," nilimwambia.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba hakuanguka. Nilikuwa jikoni. Nilisikia mlango."

Kaka yangu alinigeukia polepole. Miaka yote ile alikuwa akidhani ananilinda nisijue jambo ambalo mimi nililisikia kwa masikio yangu, na mimi nilidhani ananidharau kama mtu asiye na akili ya kuambiwa. Tulitazamana. Karibu yetu mtembezaji mmoja alikuwa anawaeleza wageni habari za dari, sauti imemkauka, watu wametupa vichwa nyuma, na mmoja wao alikuwa anapiga miayo.

"Kama ulijua," alisema Oreste, "ulitaka kumrudishaje akalale pembeni yake?"

Hilo ndilo swali ambalo hata leo silijibu vizuri. Nilimwambia ukweli kadiri nilivyoweza. Kwamba uongo ukishausema muda mrefu unahamia ndani, unaota mizizi, mwisho unaukumbuka kama kitu ulichokiona. Kwamba nilimuuguza baba miaka mitano ya mwisho, nikamlisha kwa kijiko, na mtu unayemlisha kwa kijiko ni vigumu kuendelea kumwogopa. Kwamba kijiji kilitaka kuona kaburi la mke na mume, na mimi nilitaka kijiji kinyamaze. Na kwamba nilikuwa na hasira na mama. Hilo nililisema mwisho.

"Una haki," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira naye. Sisi huku tunakula, tunalala pazuri, wewe tumekuacha na yule mtu. Nilimwambia aende akuchukue. Mwaka ule uliofuata, wakati wa Pasaka, aliazima gari la mpishi mmoja, akaenda. Jioni akarudi peke yake. Akaniambia amefika Ventimiglia moyo ukamshinda, akageuza. Fina, sikuongea naye mwaka mzima. Tuliishi chumba kimoja na sikuongea naye. Na baada ya hapo kila nikikuona wewe naona aibu. Nakutazama vipi?"

Nilimwomba arudie, akarudia: Ventimiglia, moyo, akageuza.

Sasa mimi nitasema kilichotokea Jumapili ile, kwa kuwa aliyebaki kukijua ni mimi. Mama hakugeuza Ventimiglia. Alifika Airole. Alisimamisha gari pale kwenye chemchemi chini ya kijiji, akamtuma mke wa mwokaji anifuate. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Usiku uliotangulia nilimsikia baba analia jikoni, mtu mzima, kifudifudi mezani, na sikuwahi kumsikia akilia. Nilipoambiwa mama yuko chini, nilikimbilia kinu cha zeituni, nikajificha nyuma ya mitungi. Sikujificha kwa sababu nampenda baba kuliko mama. Niliona tu kwamba nikiondoka hakuna wa kumwashia moto. Na nilitaka mama aumie, aonje na yeye kuachwa. Kupitia tundu la ukuta nilimwona amesimama pembeni ya gari, koti la kahawia, mkono wa kulia umening'inia. Alingoja sana. Alikaa juu ya jiwe, akasimama, akakaa. Kengele za ibada ya jioni zilipolia akaingia garini.

Tulipoonana tena miezi kadhaa baadaye hakunigusia habari ya siku ile. Nami nikadhani amemwambia Oreste, na kwamba Oreste ananihesabia.

Nilimweleza kaka yangu haya yote pale pale, kwenye kiti cha ukumbi wa kasino, sauti ya chini, kama ninayemwelekeza mtu njia. Nilipomaliza alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na kidevu kimeegemea juu yake.

"Hakunitajia," alisema. "Akakubali nimchukie yeye."

"Ndiyo."

"Mpaka anakufa."

"Ndiyo, Oreste."

Hatukulia. Watu wa umri wetu wakilia hadharani wanaitiwa daktari. Tulikaa tu. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao hata nilipokuwa navuna zeituni wiki sita mfululizo sikuwahi kuupata, na nilimwona yeye naye amelegea mabega kama mtu aliyeambiwa atue mzigo na hajui auweke wapi. Ghislaine alitutazama kutoka kaunta yake, akatuletea vikombe viwili vya maji, akarudi kwenye makoti yake.

Mwisho Oreste akasema, "Sasa ile karatasi?"

Akaitoa mfukoni, nikaichukua nikaichana. Akaniambia usingechana, watataka kuiona. Na kweli walitaka.

Makaburi yako upande mwingine, juu, yamepangwa ngazi kwa ngazi mlimani. Kwa vijana ni mwendo mfupi. Sisi tulipanda basi, tukashuka, tukachukua lifti, tukapumzika, tukachukua lifti nyingine. Oreste alikuwa anajua kila mahali penye kiti cha bure katika nchi ile, na alinitembeza kutoka kiti hadi kiti. Njiani alinunua maandazi ya kukaanga yenye mboga ndani, tukayala tumekaa juu ya ukuta, mafuta yakitutiririka vidoleni.

Ofisini msichana alisikitika. Fomu ikishachanwa haina thamani, alisema, ni lazima ijazwe mpya, na mpya inahitaji kitambulisho cha wote wawili. Tulikuwa navyo. Alituuliza, safari hii tumekubaliana? Oreste akasema tumekubaliana tangu zamani, ila tulichelewa kuambiana. Msichana alicheka akidhani ni mzaha. Niliweka alama kwenye kisanduku cha kuongeza muda, Oreste akatia saini, nikatia yangu chini yake.

Kisha tukaenda kumwona. Kaburi ni dogo, jiwe la kijivu, jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, basi. Oreste alikuwa amelitunza vizuri. Ukisimama pale unaona paa za majumba marefu na winchi tatu za ujenzi, na bahari kipande tu katikati ya ghorofa mbili. Nilitaka kumwambia mama kitu. Nilikuwa nimekitayarisha ndani ya basi, maneno ya kuomba radhi, yamepangwa vizuri. Niliposimama mbele ya jiwe yote yalinitoka kichwani, nikabaki kung'oa majani yaliyoota ufa mmoja mpaka ufa ukawa safi. Oreste alinishikia mkoba.

"Alikuwa anasema wewe ni mkaidi," aliniambia.

"Ni kweli."

"Alikuwa anasema kwa kusifu."

Alinisindikiza hadi mlango wa lifti ya stesheni, asingeweza zaidi. Tuliagana kama watu wanaoonana kesho. Kabla treni haijafika nilimpigia Attilio nikamwambia awaambie watu wa makaburi waitoe ile nafasi, wampe mwingine. Aliuliza kulikoni. Nikamwambia nitamweleza nikifika, na nilipofika nilivua kiatu kimoja, nikalala kwenye kochi na kingine mguuni. Nilimweleza kesho yake. Alisikiliza, akavuta kiti, akakaa. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa amemwambia habari za mlango wa zizi kabla hatujaoana. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Walikuwa wananiachia mimi ngazi yangu, kwa huruma.

Hilo ndilo lililonilaza siku tatu. La mama nililibeba, la Oreste nililibeba. Lakini kujua kwamba kila nilipotaja ile ngazi, miaka hamsini na nne, kanisani, dukani, kwenye meza za harusi, wote walikuwa wananitazama wakitikisa kichwa na kuitikia, hilo lilinichosha mifupa.

Oreste alikuja mwezi wa sita. Mwanangu alikwenda kumchukua kwa gari kwa sababu ya ngazi, na hata hivyo zile kumi za mlangoni zilimchukua robo saa. Hakuuliza kaburi la baba liko upande gani. Alikaa jikoni kwangu, akala sungura na zeituni, akasema nimetia chumvi nyingi, nikamwambia apike yeye. Baada ya kula alisinzia palepale kitini, mdomo wazi. Nilifunga dirisha ili nzi wasimsumbue, nikakaa upande wa pili wa meza, nami nikasinzia.